PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imesoma 7.4 kwenye kambi ya upimaji bure, nina miaka 56. Nianzie wapi wakuu?

Fundi Suruali (mleta mada):

Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msinicheke maana hapa nilipo hata kutia uzi kwenye sindano kumenishinda, mikono haitulii.

Iko hivi. Mimi ni fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa. Umri 56. Jumamosi ya juzi mtaani kwetu waliweka mahema uwanja wa shule, upimaji bure, presha, sukari, macho, na tezi dume kwa wanaume wa kuanzia miaka 40. Mimi wala sikuwa na mpango, mama watoto ndo akanisukuma, akasema twende tu si bure. Presha sawa, sukari sawa, wakanitoa damu wakasema majibu ya tezi njoo jumanne. Jumanne nikaenda, kijana akanipa kikaratasi kimekunjwa mara nne, ndani jina langu, PSA 7.4, hiyo 7.4 imezungushiwa duara kwa peni nyekundu na chini imeandikwa amuone daktari. Nikamuuliza sasa mwanangu hii maana yake nini, akasema mzee iko juu, mwisho huwa 4, nenda hospitali. Nyuma yangu foleni inasukuma. Hayo ndo maelezo yote niliyopewa.

Nimerudi kibandani nimekaa na kile kikaratasi. Jirani yangu wa fremu ya pili anauza dawa za asili, akakichukua akasoma hata sijamuomba, akasema hiyo ni kansa hiyo, ila usithubutu kwenda hospitali wakikuchoma sindano kule nyuma ndo inasambaa mwili mzima, yeye ana unga wa siku 21 unasinyaza tezi, laki na nusu, kwa sababu ni jirani laki na ishirini.

Mambo mengine mnisaidie mkijua: usiku naamka mara mbili, mara tatu kukojoa, huu mwaka wa pili. Halafu kama siku kumi kabla ya kambi mkojo ulikuwa unachoma balaa, nikanunua sipro, ile antibayotiki, duka la dawa nikanywa siku tatu, ukaacha kuchoma na mimi nikaacha dawa. Marehemu baba alifariki 1998 kule Rufiji, tunaambiwa tu "alifungwa mkojo", hakuna aliyesema ugonjwa gani.

Je hii ndo kansa tayari? Na niende wapi kwanza? Nawasilisha.

Kidume_Tata:

Pole mkuu ila jiandae kisaikolojia, kidole kinakuja 😂😂😂

Mzee Kiraka:

Wewe Kidume utani wako ndo unaoua wazee wa watu. Mimi nina 63, nimepita hiyo njia yote, kidole, altrasaundi, mpaka kuchukuliwa vinyama vya tezi vikapimwe kansa, nakuambia kidole hakifiki hata sekunde kumi. Unalala ubavu, unakunja magoti, daktari anavaa glovu anapaka jeli, anabonyeza upande wa mbele kule ndani, anatoa, anakupa tishu. Nilihangaika miaka miwili kukwepa sekunde kumi.

Mleta mada tulia kwanza. Mimi yangu ilisoma 11 na haikuwa kansa. Subiri wenye fani waje, nadhani Mama Vipimo yupo humu.

Mama Vipimo:

Nipo kaka Kiraka. Mleta mada pole, na nimekasirika kidogo sio kwako, nimekasirika na hicho kikaratasi. Nimefanya maabara miaka 19, mtu hapewi namba yenye duara jekundu afu akaachwa asimame nayo barabarani.

Tuanze hapa. Tezi dume siyo ugonjwa. Watu wanasema "fulani ana tezi dume" kama vile wengine hawana. Kila mwanaume anayo, ipo chini ya kibofu, ukubwa wa ndimu changa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Sasa hiyo tezi inatengeneza protini, ndo hiyo PSA, kazi yake ni kuyafanya manii yawe majimaji, na kiasi kidogo kinavuja kuingia kwenye damu. Sisi tunapima kilichovuja. Basi. Kipimo hakijui KWA NINI kimevuja. Kansa inavujisha, tezi iliyokua kwa umri inavujisha, na maambukizi kwenye mkojo yanavujisha tena sana, nimeona mtu ana 30 na kitu kwa sababu ya maambukizi tu na baada ya dawa ikashuka mpaka 2. Mwanaume akiwekewa mpira wa mkojo nayo inapanda. Ukitoka kuendesha baiskeli umbali mrefu, au ukiwa na mama watoto ndani ya siku mbili kabla ya kutoa damu, inapanda kidogo.

Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe. Mkojo ulikuwa unachoma siku kumi kabla. Umekunywa sipro siku tatu ukaacha katikati. Hicho kipimo kilichukuliwa wakati mbaya kabisa. Walipaswa kukuuliza swali hilo kabla ya kukuchoma sindano.

Kwaiyo nenda hospitali yenye daktari wa mfumo wa mkojo, waambie historia yote kama ulivyotuambia, watapima mkojo, ikibidi wauoteshe maabara kujua ni wadudu gani, utibiwe ukamilishe dozi, afu subiri kama wiki sita ndo urudie PSA, na siku mbili kabla usimguse mama watoto na usipande baiskeli. Maabara ileile ukiweza, maana mashine hazifanani.

Kuhusu 4 kuwa mwisho. Sio ukuta ule. Kwa takwimu za Marekani wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichukuliwa vinyama, kama mmoja kati ya wanne ndo anakutwa na kansa, watatu hawana. Ikizidi 10 inapita nusu. Na kuna wenye chini ya 4 ambao wanayo. Ndo maana nasema namba peke yake haimhukumu mtu.

Na huo unga wa jirani usinywe, hasa sasa hivi. Hata dawa halali za hospitali zinaweza kuchezea namba. Kuna finasteraidi, wanapewa watu wenye tezi kubwa, ukiitumia kama nusu mwaka inaikata PSA karibu nusu, daktari asipojua unaitumia atasoma 3 kumbe ni 6. Sasa hiyo ni dawa inayojulikana, je huo unga ambao hata muuzaji hajui umechanganywa nini.

Dawa Asilia Tiba Kamili:

Ndugu zangu hospitali wanatafuta hela zenu. Tuna dawa ya tezi dume hatua zote bila upasuaji siku 14 tu, njoo inbox.

Mzee Kiraka:

Jirani alisema 21 wewe 14, mmeanza kushindana. Modereta ondoa hii.

Binti wa Mzee:

Naomba niandike hili ingawa linaniuma. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alianza na mgongo, akasema ni kukaa, akasema ni godoro. Tukamnunulia godoro. Miezi kama saba anapakwa dawa ya kuchua, anachomwa sindano za maumivu zahanati, akipata nafuu wiki anarudia. Siku moja alfajiri anaenda kuswali miguu ikakataa, akaanguka mlangoni mwa choo, tangu siku hiyo hajatembea tena. Hospitali walipopima PSA ilikuwa zaidi ya 100, mashine yao haikuweza kusoma zaidi. Ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo.

Wakasema kansa ya tezi inalishwa na homoni ya kiume kwaiyo kuna sindano za kila baada ya miezi mitatu, bei yake hatukuiweza, au upasuaji mdogo wa kutoa kilicho ndani ya korodani, mara moja tu imeisha. Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniita mimi, sio kaka zangu, akasema mwanangu nitasaini. Maumivu yalipungua ndani ya wiki, hilo nakiri, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala mwaka mzima. Alikaa nasi miaka miwili na miezi minne.

Kitu ambacho daktari alituambia na sijakisahau ni kwamba baba HAKUWAHI kuwa na shida ya mkojo. Alikuwa anakojoa vizuri tu. Sisi wote tulikuwa tunajua tezi ni mzee kukojoa matone matone, na yeye hana, kwaiyo hatukuwaza kabisa.

Mama Vipimo:

Pole sana mdogo wangu. Na hilo la mwisho watu walisome mara mbili. Tezi inayokua kwa uzee inakua sehemu ya katikati, kuzunguka mrija, ndo maana inabana mkojo. Kansa mara nyingi inaanzia pembeni, upande wa nyuma uliopakana na njia ya haja kubwa, huko hakuna cha kubana, inakaa kimya. Ndo maana pia kidole kinapita njia hiyo.

Mnataka kujua daktari anatafuta nini? Kunja ngumi sasa hivi. Gusa nyama iliyo chini ya kidole gumba, ile iliyovimba, laini lakini imejaa. Hivyo ndo tezi ya kawaida au iliyokua kwa umri. Sasa gusa fundo la kidole, pale penye mfupa. Akikuta pagumu hivyo, au upande mmoja umekuwa kijabali, hapo ndo anaanza kuandika.

Mbeba Boksi UK:

Naomba nilete upande wa pili maana uzi umeelemea kwenye "kila mtu akapime". Nipo Uingereza mwaka wa 17 na kaka yangu mkubwa tunaishi naye mji mmoja. Alipima akiwa na 58, PSA 5.8, wakampeleka MRI kwanza, ndo utaratibu wa siku hizi huku, wakaona kadoa, wakachukua vinyama. Majibu: kansa, lakini Gleason 6 (Gleason ni kipimo cha ukali wa kansa), yaani daraja la chini kabisa. Sisi nyumbani kilio, mama Tanga anafunga na kuomba. Daktari anasema hatufanyi kitu. Tutakuangalia. PSA kila miezi mitatu, baadaye sita, MRI mara mojamoja. Mwaka wa tano huu, yuko palepale, anaendesha basi, anagombana na mimi mambo ya mpira.

Maana kuna kansa za tezi zinazotembea kama kobe, mtu anazeeka nazo na anakufa kwa jambo lingine, na kuna zinazokimbia kama ya baba wa dada hapo juu, pole sana dada. PSA haikuambii ni ipi. Na ukikimbilia kukata tezi au kuchoma mionzi kwa ile ya kobe, unaweza kubaki unavaa pampasi na mambo ya chumbani yamekwisha, bure kabisa. Huku walifanya utafiti wa wanaume 1,643, wengine wakakatwa, wengine mionzi, wengine wakaangaliwa tu, baada ya miaka 15 katika makundi yote matatu waliokufa na hiyo kansa walikuwa kama 3 kwa 100. Ila wale ni watu waliogunduliwa mapema.

Ndo maana hata Wamarekani wamegeuka geuka. 2012 jopo lao la mambo ya kinga likasema acheni kupima PSA kwa watu wasio na dalili. 2018 likarudi likasema wenye 55 mpaka 69 wakae na daktari waamue wenyewe, 70 kwenda juu hapana. Ulaya utafiti mkubwa uliotoka 2009 ulionyesha vifo vya kansa ya tezi vimepungua kama asilimia 20 kwa waliokuwa wanaitwa kupimwa, lakini watu wengi sana walitibiwa ambao pengine wasingesumbuliwa nayo maisha. Sisemi usipime. Nasema ukipima ujue kabla utafanya nini na jibu.

Sisi watu weusi tusijidanganye lakini. Huku wanaume kwa ujumla anayegundulika maishani ni mmoja kati ya wanane, kwa weusi mmoja kati ya wanne. Na kama baba au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa nayo hatari inazidi kama mara mbili. Fundi, hilo la marehemu baba wa Rufiji mwambie daktari, hata kama jina la ugonjwa hamlijui.

Kidume_Tata:

Sasa mkuu mnatuchanganya, huyu anasema pima yule anasema usipime. Afu mbona Biden, rais mstaafu wa Marekani, ana madaktari wa kila aina na hapo 2025 alikutwa imeshafika kwenye mifupa?

Mbeba Boksi UK:

Swali zuri kwa mara ya kwanza leo. Watu wake walisema PSA yake ya mwisho inayojulikana ilikuwa 2014, akiwa na kama miaka 71, na kama nilivyosema kwao 70 kwenda juu hawashauriwi kupima. Na yake ni Gleason 9, ya kukimbia. Ila angalia na upande mwingine, Mandela waligundua 2001 akiwa na 83, akapigwa mionzi, akaishi mpaka 2013. Askofu Tutu aligundulika 1997 akafariki 2021, miaka 24 hiyo. Ugonjwa jina moja, watu watatu, njia tatu.

Nyanda wa Kwimba:

Wakuu mimi nataka kutoa uzi kwenye tezi kidogo, maana kansa za njia ya mkojo sio tezi peke yake na sisi wa kanda ya ziwa tuna yetu.

Nimekulia Kwimba. Mtoto wa kiume kule unachunga, mchana ng'ombe wananywa lamboni na nyie mnaogelea humohumo, msimu wa mpunga mko kwenye majaruba maji ya magoti. Ukifika miaka kumi, kumi na mbili, ukikojoa mwisho wa mkojo inatoka damu. Tulikuwa tunashindana nani ya kwake nyekundu zaidi, kweli tena, tulidhani ndo kukua, kama wasichana na siku zao. Kumbe kichocho. Kile cha mkojo, sio cha tumbo kinachowapata zaidi wa pembeni mwa ziwa lenyewe. Konokono wa lambo ndo wanakibeba. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya kibofu, mayai yanakwama kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka, panakuwa kidonda kisichopona, mwisho panageuka kansa. Shirika la utafiti wa kansa la kimataifa lilishakiweka kichocho cha mkojo kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa, 1994 hiyo, kundi moja na sigara.

Mjomba wangu alikuwa na 47. Akaanza kukojoa damu, haumwi popote. Zahanati wakampa prazikwanteli, dawa ya kichocho, sawa, damu ikakata. Baada ya miezi miwili ikarudi, wakasema UTI, sindano, ikakata. Ikarudi. Hii damu ndo tapeli kuliko dalili zote, inakata YENYEWE, wala sio dawa iliyoikata, afu mtu anasema nimepona anaenda shamba. Alikuja kupigwa kamera ya kibofu mwaka na nusu baadae, ule mrija wenye taa unaopita njia ya mkojo, wakakuta uvimbe umeshika ukuta mzima. Wakatoa kibofu chote, sasa anakojolea kwenye mfuko ubavuni. Yuko hai, anauza mchele, lakini angepigwa kamera ile mara ya kwanza pengine wangekwangua tu.

Kwa kibofu hakuna kipimo cha kwenda kupimwa ukiwa mzima kama PSA. Kipimo ni macho yako na rangi ya mkojo wako. Mtu mzima akikojoa damu hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikikata, anataka altrasaundi na kamera, asikubali kurudishwa na vidonge mara ya pili. Na wavuta sigara mnaojiona mjini hamna lambo, huko Ulaya sigara ndo sababu namba moja ya kansa ya kibofu.

Mama Vipimo:

Nyanda umesema kweli tupu. Naongeza, ile karatasi ya kuchovya kwenye mkojo inaonyesha damu ambayo macho hayaoni, ni kipimo cha hela ndogo sana, zahanati nyingi kipo. Kwa mtu aliyekulia kwenye majaruba au mvutaji sigara mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 sio dhambi kuomba uchovyewe. Ikionyesha damu inarudiwa, ikibaki unatafutiwa sababu.

Kansa ya figo nayo mara nyingi inakutwa kwa bahati tu, mtu amekwenda altrasaundi ya mawe ya nyongo, wanaona kitu kwenye figo.

Kidume_Tata:

Sawa mimi nimeacha utani. Nina 27, nipime PSA?

Mama Vipimo:

Hapana, utapoteza hela yako. Kwa umri wako kinachotafutwa ni kansa ya korodani, haipendi wazee, inapenda vijana wa 15 mpaka 40. Mara moja moja ukioga maji ya moto, ngozi imelegea, shika moja moja, vidole viwili chini na gumba juu, izungushe polepole. Nyuma kuna kamrija kalaini ka kawaida usikashtukie. Ukikuta kigololi kigumu kisichouma kwenye korodani yenyewe, usingoje mpaka kianze kuuma. Na kama ulizaliwa moja haijashuka, hatari kwako iko juu, mwambie daktari. Ikiwahiwa karibu wote wanapona.

Mke Mwenza Sio Mimi:

Naomba kuuliza kwa niaba ya mume wangu, ana 52 na kaka yake amekutwa na kansa ya tezi mwaka jana. Hataki kusikia. Anasema bora asijue. Nikimwambia anawasha TV sauti juu. Nifanyeje?

Mzee Kiraka:

Shemeji usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya TV. Mtume huyo huyo kaka yake. Mimi hakuna mke wala daktari aliyenipeleka, alikuja shemeji yangu aliyekwisha kupasuliwa, akakaa barazani akanywa kahawa, akanieleza kila kitu mpaka rangi ya mapazia ya chumba. Mwanaume anaogopa asichokijua.

Na kwa faida ya mleta mada, kuhusu vinyama na huo uongo wa kusambaa. Mimi walichukua 12. Kwanza antibayotiki, afu kinaingia kifaa cha altrasaundi, ganzi, afu unasikia ta! kama stepla. Mara kumi na mbili. Yauma kidogo ile ya kwanza na ya mwisho kwa sababu ya hofu. Nilikojoa wekundu wekundu siku mbili, manii yakawa na rangi ya kutu wiki kama nne, walinionya mapema kwaiyo sikushtuka, ila mama alishtuka 😂. Kitu cha kuogopa sio kusambaa, ni homa. Ukipata homa na kutetemeka baada ya vinyama siku hiyohiyo kimbia hospitali, usingoje asubuhi. Majibu yalichukua wiki tatu, zile wiki tatu ndo zilikuwa kansa yenyewe. Wakasema tezi imekua tu.

Fundi Suruali (mleta mada):

Wakuu naleta mrejesho, samahani nilikaa kimya karibu miezi miwili.

Nilienda hospitali jumatatu iliyofuata. Mkojo ulikuwa bado na wadudu, Mama Vipimo ulisema kweli, ile sipro ya siku tatu iliwalaza tu. Nimekunywa dozi kamili. Kidole kimepita, Mzee Kiraka nilihesabu kimoyomoyo nikafika saba. Daktari alipomaliza nikamuuliza, ni gumba au fundo? Akanitazama akasema nani kakufundisha hiyo, nikamwambia mtandaoni, akacheka sana akasema ni gumba, kubwa, lakini gumba.

Wiki ya saba nimerudia PSA, maabara nyingine kwa sababu ile ya kambi siijui ilikuwa ya nani. 5.2. Imeshuka ila haijafika chini ya 4 nikaanza tena kutetemeka. Akanipima ukubwa wa tezi kwa altrasaundi, ikasoma mililita 58, akachukua kalkuleta akagawanya 5.2 kwa 58 akanionyesha 0.09. Akasema tezi kubwa inavujisha zaidi kwa sababu ni kubwa tu, wao wanaanza kupata wasiwasi hiyo hesabu ikifika kama 0.15. Kwaiyo vinyama bado. Narudi baada ya miezi mitatu, ikipanda tunaenda MRI. Kanipa vidonge vya usiku vya kulegeza njia, siku hizi naamka mara moja.

Jirani wa fremu ya pili ananiuliza kila siku unga nimeshanunua wapi. Nimemshonea kaptula, nikamtoza bei kamili.

Swali limebaki la mdogo wangu, ana miaka 48, yuko kulekule Rufiji. Nimempigia nikamweleza yote, baba, mimi, hesabu ya daktari, dakika ishirini za vocha. Akaniuliza kitu kimoja tu: kidole? Nikamwambia sekunde saba. Akakata simu.

Kidume_Tata:

Mkuu nipe namba yake nimshauri 😂

Mzee Kiraka:

Wewe kaoge maji ya moto.

Fundi, umemweleza kwa simu. Nenda.

Fundi Suruali (mleta mada):

Ijumaa nafunga mapema, napanda gari la saa nane.